Msalaba wa Victoria ulivyofika Dar es Salaam, Maktau, Mlali na Songea

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza ilitoa nishani nne za Victoria Cross (Msalaba wa Victoria), tuzo yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani, kwa mapigano ya Afrika Mashariki. Moja ilipatikana kwenye bandari ya Dar es Salaam, moja karibu na Maktau upande wa Taita, moja Mlali kule Morogoro, na moja karibu na Songea. Zote nne zilikwenda kwa Wazungu. Askari Waafrika wa King's African Rifles (KAR), kikosi ambacho kufikia mwisho wa vita kilikuwa na watu zaidi ya 30,000, hawakupata hata moja, si katika vita vile wala katika vilivyofuata.

Jibu la haraka ni ubaguzi, na kweli ubaguzi ulikuwepo. Lakini ukitaka kujua ulivyofanya kazi, inabidi uijue nishani yenyewe: ilivyoanzishwa, inavyotengenezwa, na hasa karatasi zinazoitangulia kabla haijafika kifuani mwa mtu. Mtu huipata pale ushujaa wake unapoonwa na wenye uwezo wa kuuripoti, ripoti ikaandikwa vizuri, na wakubwa wakakubali kuitia saini ngazi kwa ngazi. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, hakuna msalaba.

Ilivyoanza

Kabla ya Vita vya Crimea (1853 hadi 1856), askari wa kawaida wa Uingereza aliyefanya jambo kubwa vitani hakuwa na nishani ya maana ya kuvaa. Order of the Bath ilikuwa ya maofisa wa vyeo vya juu. Ofisa mdogo aliweza kupandishwa cheo au kutajwa katika taarifa ya kamanda, na aliyetajwa mara nyingi alikuwa yule anayekaa karibu na kamanda. Wafaransa, waliokuwa upande mmoja na Waingereza kule Crimea, walikuwa na Légion d'honneur tangu 1802 na Médaille militaire tangu 1852. Ripoti za William Howard Russell katika gazeti la The Times ziliwaonyesha wasomaji wa London jinsi askari wadogo walivyoteseka na walivyopigana, na suala likaingia bungeni.

Desemba 1854 mbunge Thomas Scobell, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, alileta hoja ya kuanzishwa nishani itakayokuwa wazi kwa vyeo vyote. Mwezi uliofuata waziri wa vita, Duke wa Newcastle, akamwandikia Prince Albert, mume wa Malkia Victoria. Hati ya kifalme ilitolewa tarehe 29 Januari 1856. Kifungu kimoja humo kina uzito kuliko vingine: cheo, muda wa utumishi, majeraha au hali nyingine yoyote ile havitahesabiwa, ila ushujaa wa wazi peke yake. Rangi ya mtu haikutajwa. Hata hivyo askari wenyeji wa jeshi la India waliachwa nje hadi 1911.

Hati iliruhusu kurudi nyuma hadi mwanzo wa vita. Ndiyo maana tendo la kwanza kabisa lililotuzwa ni la tarehe 21 Juni 1854, la Charles Lucas, kijana wa manowari HMS Hecla katika Bahari ya Baltiki. Kombora lenye utambi unaowaka lilianguka kwenye sitaha. Wenzake wakaambiwa walale chini, yeye akaliokota akalitupa baharini, nalo likalipuka papo hapo. Tarehe 26 Juni 1857 katika bustani ya Hyde Park, London, Malkia akiwa juu ya farasi aliwavisha watu 62 misalaba yao.

Bronzi yake

Msalaba una urefu wa milimita 41 na upana wa milimita 36, na pamoja na kipande cha kuning'inizia una uzito wa gramu 27 hivi. Mbele kuna simba amesimama juu ya taji, na chini yake utepe wenye maneno FOR VALOUR. Maneno yaliyopendekezwa kwanza yalikuwa FOR THE BRAVE, Malkia akayakataa kwa kuwa yangemaanisha asiyekuwa na msalaba si shujaa. Sampuli ya kwanza nayo aliirudisha: umbo alilipenda, ila ilikuwa ya shaba tupu, akasema ni mbaya na ingeonekana nzito juu ya koti jekundu la askari. Akataka bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati.

Bronzi ilipopatikana, ikawa ngumu mno. Wachongaji wa kampuni ya Hancocks ya London walijaribu kuipiga chapa kwa muhuri wa chuma kama inavyopigwa sarafu, mihuri ikapasuka. Wakageukia njia ya wafua vyuma wa zamani: kuyeyusha, kumimina ndani ya kalibu ya mchanga, kisha kumalizia kwa mkono. Kila msalaba husafishwa kingo kwa tupa, mistari na manyoya ya simba hukolezwa kwa patasi ndogo, halafu hupakwa dawa ya kuutia rangi ya kahawia iliyokoza. Kwa sababu hiyo hakuna misalaba miwili inayofanana kabisa. Kipande cha kuning'inizia hutengenezwa peke yake, na huungana na msalaba kwa kijipete na herufi V. Nyuma ya kipande hicho huchorwa cheo, jina na kikosi. Nyuma ya msalaba, ndani ya duara la katikati, huchorwa tarehe ya tendo.

Hadithi inayorudiwa kila mahali ni kwamba bronzi yote inatoka kwenye mizinga ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Hapa ni vizuri kwenda polepole. Mizinga miwili iliyokatwa vitako vyake ili kupata bronzi hiyo imetazamwa na wataalamu, na ni ya kiwanda cha Kichina. Vipimo vya eksirei vilivyofanyiwa misalaba ya vipindi mbalimbali vinaonyesha pia kwamba mchanganyiko haukuwa mmoja miaka yote. Umebadilika, na badiliko kubwa linaonekana karibu na mwanzo wa Vita ya Kwanza. Bonge la bronzi lililobaki linatunzwa kwenye ghala la jeshi huko Donnington, nalo lina wakia 358, yaani kilo 10 hivi. Linatosha misalaba 80 na kidogo.

Utepe ulikuwa mwekundu kwa jeshi la nchi kavu na wa buluu kwa wanamaji. Jeshi la anga lilipoundwa 1918, wote wakapewa mwekundu.

Karatasi

Hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa ya maana zaidi, na watu huiruka.

Kwa kawaida pendekezo huanzia kikosini. Kamanda wa karibu huandika kilichotokea: siku, mahali, umbali, adui alikuwa wapi, mtu alifanya nini na matokeo yake. Desturi ni kuambatanisha maelezo ya mashahidi watatu walioona kwa macho yao. Karatasi hupanda kwa kamanda wa brigedi, wa divisheni, wa uwanja mzima wa vita, hadi wizarani, na mwisho kwa mfalme au malkia. Katika ngazi yoyote inaweza kukataliwa au kushushwa, mtu akapewa nishani ndogo. Ikipita, maelezo yake mafupi huchapishwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali. Maelezo hayo ndiyo yanayobaki katika historia. Kilichoachwa nje yake husahaulika.

Njia hii huharibika kwa namna zinazojulikana. Ofisa aliyeona anauawa kabla hajaandika. Kikosi kinasambaratika na mashahidi hawapatikani. Tendo linafanyika porini au usiku. Anayeandika na aliyetenda hawazungumzi lugha moja. Na kwa miaka karibu hamsini kulikuwa na tatizo lingine: aliyekufa hakutunukiwa. Gazeti liliandika tu kwamba angalipendekezwa kama angaliishi. Luteni Melvill na Coghill, waliokufa Isandlwana, Afrika Kusini, tarehe 22 Januari 1879 wakijaribu kuokoa bendera ya kikosi chao, walipata misalaba yao mwaka 1907, miaka 28 baadaye, baada ya Mfalme Edward VII kukubali utaratibu wa kutunuku marehemu.

Palikuwa pia na njia ya kura. Kikosi kizima kikifanya ushujaa kiasi kwamba haiwezekani kumchagua mmoja, maofisa humchagua ofisa mmoja, masajenti na makoplo mmoja wao, na askari wa kawaida wawili. Kura hizo zilitumika kwa mara ya mwisho katika uvamizi wa bandari ya Zeebrugge, Aprili 1918. Naona ni kifungu chenye haki kuliko vyote, maana kilimpa askari mdogo nafasi ya kusema nani alikuwa jasiri bila kusubiri kalamu ya mkubwa.

Nishani iliweza pia kunyang'anywa. Watu wanane walipoteza majina yao katika orodha kati ya 1861 na 1908, wengine kwa wizi wa vitu vidogo. Michael Murphy alihukumiwa kwa kuiba shayiri na nyasi za farasi. Mfalme George V alilipinga jambo hilo vikali mwaka 1920, akasema hata mtu akihukumiwa kunyongwa kwa mauaji, aruhusiwe kuuvaa msalaba wake kitanzini.

Minne ya Afrika Mashariki

Wa Dar es Salaam ni wa Kamanda Henry Peel Ritchie wa manowari HMS Goliath. Tarehe 28 Novemba 1914 Waingereza waliingia bandarini kukagua na kuharibu meli za Kijerumani zilizokuwa zimejificha ndani. Bendera nyeupe zilikuwa zinapepea mjini. Mlango wa bandari ni mwembamba, palepale ambapo leo pantoni huvuka kati ya Magogoni na Kigamboni, na chombo kinachotoka hakina pa kukwepa risasi. Ritchie alitilia shaka utulivu ule, akafunga tishari za chuma ubavuni mwa boti yake ya mvuke ziwe ngao. Walipoanza kutoka, walipigwa kutoka nchi kavu. Alijeruhiwa mara nane. Kati ya jeraha la kwanza na la mwisho zilipita dakika 20 hadi 25, na muda wote huo aliendelea na kazi hadi jeraha la nane lilipompotezea fahamu.

Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, alikuwa na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Tarehe 3 Septemba 1915 karibu na Maktau, askari wao wa farasi walizidiwa. Yeye mwenyewe alikuwa anabebwa, mguu umejeruhiwa, akasisitiza aachwe pamoja na majeruhi wasioweza kubebeka akitumaini kuwaokoa. Aliuawa, na kaburi lake liko Voi.

Kapteni William Bloomfield alikuwa na Waafrika Kusini. Tarehe 24 Agosti 1916 pale Mlali alirudisha watu wake nyuma, kisha akagundua kwamba koplo mmoja majeruhi amesahaulika. Kati yao palikuwa na uwanja mtupu wa yadi 400, kama mita 365, unaopigwa na bunduki za rashasha. Akaenda mwenyewe, akambeba, akarudi naye.

Sajenti Frederick Booth alikuwa askari polisi wa Rhodesia, ameazimwa kwa Rhodesia Native Regiment. Tarehe 12 Februari 1917 mahali palipoitwa Johannesbruck, karibu na Songea, aliingia peke yake katika kichaka kizito chini ya risasi akamtoa mtu aliyejeruhiwa vibaya. Baadaye aliwakusanya askari Waafrika waliovurugika akawarudisha kwenye mstari wa mapigano.

Sasa zisome ripoti zenyewe katika Gazette, moja baada ya nyingine. Koplo aliyeokolewa na Bloomfield ametajwa kwa jina na namba yake ya jeshi: Bowker. Aliyeokolewa na Booth, katika kikosi cha Waafrika, ni "mtu" tu, bila jina wala namba. Askari Waafrika wa upande wa Booth wametajwa mara moja, kwamba walikuwa wamevurugika. Wale wa upande wa Wajerumani wametajwa katika ripoti ya Dartnell, kwamba huwaua majeruhi. Hayo ndiyo maneno yote ambayo ripoti za msalaba zimewaachia askari Waafrika wa vita ile, ingawa ndio waliokuwa wakipigana pande zote mbili kutoka Kilimanjaro hadi Ruvuma.

Hawa wanne wanastahili kila heshima waliyopewa. Ninachosema ni kwamba karatasi ilikuwa na macho ya upande mmoja.

Vita ya Pili

Kapteni Eric Wilson alikuwa na Somaliland Camel Corps. Kuanzia tarehe 11 Agosti 1940, pale Tug Argan, alipiga rashasha kwa siku kadhaa huku amejeruhiwa bega na jicho, tena ana malaria. Mizinga ya Waitaliano ilikuwa inaangusha bunduki zake. Alizitengeneza akazirudisha juu. Omar Kujoog, askari wake Msomali, aliuawa pembeni yake. Oktoba mwaka huohuo Gazette likatangaza msalaba wa Wilson kama wa marehemu. Yeye alikuwa hai, mfungwa wa Waitaliano nchini Eritrea, na habari ya nishani yake alipewa na mfungwa mwenzake. Baadaye alifanya kazi ya utawala Tanganyika, kuanzia 1949 hadi 1961, na alifariki 2008.

Sajenti Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyepata msalaba akiwa ndani ya KAR katika vita hiyo. Tarehe 19 Mei 1941 pale Colito, Ethiopia, kikosi kilikuwa kimevuka mto bila silaha za kupigia vifaru, na vifaru vya Waitaliano vikatokea vichakani. Leakey aliruka juu ya kimoja, akafungua mfuniko kwa nguvu, akapiga bastola ndani, akamlazimisha dereva akiendeshe hadi mafichoni. Alijaribu kutumia mzinga wake, haukukubali. Akakimbilia vingine na akauawa. Tangazo lake lilitoka tarehe 15 Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Jina lake limo katika kumbukumbu iliyopo makaburi ya vita Nairobi.

Kwa nini askari wa KAR walikosa

Weusi walikwisha kupata msalaba huu zamani. William Hall, baharia kutoka Nova Scotia aliyezaliwa na wazazi wenye asili ya Afrika, aliupata kwa vita vya Lucknow, India, vya 1857. Samuel Hodge wa West India Regiment aliupata Gambia 1866, na William Gordon wa kikosi hichohicho Gambia 1892. Kwa hiyo mlango haukufungwa na hati.

Kilichowazuia askari wa KAR ni nishani nyingine ya ngazi ya chini waliyowekewa wao. Kikosi kilipoundwa 1902 kilifuatiwa na DCM (Distinguished Conduct Medal, nishani ya mwenendo bora vitani) ya pekee kwa ajili ya wanajeshi wake Waafrika, nyuma yake imeandikwa King's African Rifles, na utaratibu huo ulidumu hadi 1942. Ofisa aliyeona koplo wake Mnyamwezi au Mnandi akifanya jambo kubwa alikuwa na fomu tayari mezani, na fomu hiyo ilikuwa ya DCM. Ya msalaba iliandikiwa Wazungu. Tena ofisa ndiye aliyeandika na ndiye aliyekusanya mashahidi; askari hakuwa na pa kupeleka ushahidi wake mwenyewe. Kura ile ya wenzao nayo haikuwafikia.

Kwa familia zenye nishani ndani ya sanduku

Kama babu au baba wa babu alikuwa KAR na mmebaki na nishani, anza na ukingo wake. Nishani nyingi za Kiingereza za Vita ya Kwanza huchongwa namba, cheo, jina na kikosi kuzunguka ukingo. Inua kwenye mwanga wa pembeni, herufi zitaonekana hata zilizochakaa. Usiisugue kwa dawa ya shaba wala majivu, kwa sababu unaondoa hizo herufi na kuua thamani yake. Namba ni muhimu kuliko jina, kwa kuwa makarani waliandika majina ya Kiafrika walivyosikia, na jina moja linaweza kuandikwa kwa njia tatu katika vitabu vitatu.

Ukishapata namba na batalioni, tafuta katika kumbukumbu za London Gazette, ambazo zinapatikana bure mtandaoni. Jaribu jina kwa tahajia tofauti, na mara nyingine kwa jina la kwanza tu. Shajara za Vita ya Kwanza za vikosi ziko The National Archives, hifadhi ya kumbukumbu za taifa la Uingereza huko Kew, London, katika mfululizo WO 95, na rejesta ya Victoria Cross iko WO 98. Shajara huandikwa siku kwa siku, kwa hiyo ukijua mwezi na mahali babu alipojeruhiwa unaweza kuifikia siku yenyewe.

Ukionyeshwa kitu kinachodaiwa kuwa Victoria Cross, pima uzito, angalia kama kingo zina alama za tupa na kama simba amechongwa kwa kina, kisha soma nyuma zote mbili: jina kwenye kipande cha juu, tarehe kwenye duara. Tarehe ile lazima ilingane na ripoti ya Gazette. Nakala nyingi zimepigwa chapa, zina uso laini na kina kidogo, na nyuma hazina kitu. Bila jina na tarehe, usinunue.